Yule wa dirisha la vipimo leo kanimaliza: "Kwani dawa yenyewe mtaiweza?"

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule wa dirishani mnamjua, hana haja ya kutajwa. Nimempa karatasi ya daktari: kinyama kilichokatwa titi la mama kipimwe HER2, ile protini inayoichochea kansa ikue. Kaisoma, kitumbua chake mkononi, kamwangalia mama kuanzia mtandio hadi kandambili, halafu: "Kipimo cha nini? Kwani dawa yenyewe mtaiweza?"

Mbele ya mama! Kwa sauti ya kuamsha makaburi yote ya Kinondoni!

Kansa ya titi si moja. Wagonjwa kama 15 hadi 20 kwa kila 100 wana hiyo HER2 kwa wingi, na trastuzumabu ni dawa yao. Ipo tangu 1998! WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2015! Bila kipimo daktari haandiki. Sasa yeye kapima kwa kandambili? Mtaiweza! Mafuta ya kitumbua yanachuruzika kwenye karatasi ya mama yangu, mtaiweza! Tuuze shamba, tuchangishe ukoo mzima, yeye inamhusu nini?

MtuWaKigogo: Pole kwa mama. Ila mkuu kitumbua tumekijua kuliko kipimo.

BintiTanga: Huyohuyo! Mimi kaniambia njoo kesho. Kesho yake kaniambia ilikuwa jana.

FundiMaabara: Afadhali nyie. Huku mikoani kinyama kinatakiwa kikae kwenye fomalini, maji ya kukihifadhi kisioze, kwa saa 6 hadi 72, chetu kinasubiri basi wiki nzima. Majibu yakija hayaaminiki.

DadaWaMwisho: Dada yangu majibu ya HER2 yalikuja 2+. Si ndiyo, si hapana, katafute kipimo kingine. Na dripu ya hiyo dawa ni kila wiki 3, mwaka mzima. Bima ikatukatalia.

MzeeWaBajaji: Bima msinitajie! Yangu imekataa hadi miwani.

BintiTanga: Miwani? Yangu imekataa jina langu.

MtuWaKigogo: Na yule wa getini anayefunga magari mnyororo je? Nimeingia kushusha mgonjwa tu!

Mleta uzi: Jamani, mama analia chumbani. Kamwambia MTAIWEZA!

MzeeWaBajaji: Tumekusikia mkuu, pole. Huyo wa getini ni yule mwenye kofia nyekundu?

MtuWaKigogo: Ndiye! Kumbe na wewe kakufunga?