Bobini hubadilika zenyewe, lakini kitambaa kinatoka na mistari: tuanzie wapi kutafuta kosa?

MsimamiziWaZamu aliandika:

Nawasalimu nyote, na wazee wa viwanda mliotutangulia katika kazi hii nawaamkia, shikamooni.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo ambacho bado kinatumia mitambo ya kufuma yenye shato, yaani kile chombo cha mbao chenye umbo la mtumbwi kinachobeba tumboni mwake bobini, kijiti kilichoviringwa uzi wa mshindio unaopita upana wa kitambaa, na kurushwa huku na huku kati ya nyuzi za mtande zilizotandazwa kwa urefu. Mitambo yetu hujibadilishia bobini yenyewe. Upande wa kulia pana gurudumu linaloshika bobini 24 zilizojaa, na ile iliyo ndani ya shato inapokaribia kwisha uzi, nyundo hushuka na kuisukuma bobini mpya mahali pake, na ya zamani huangukia kwenye kasha lililo chini. Tunafuma kitambaa cheupe cha pamba kinachopelekwa kuchapishwa khanga.

Kwa miezi kadhaa tumekuwa na matatizo mawili ambayo kwangu yanapingana. La kwanza, katika baadhi ya majora, mahali bobini ilipobadilishwa huonekana mstari mwembamba unaopenyeza mwanga, na kitambaa kikishachapishwa mstari huo hujitokeza waziwazi kwenye rangi. La pili, nikichungulia kasha la bobini zilizotoka, nakuta nyingine zimetupwa zikiwa na uzi mwingi ambao ungefuma bado. Fundi wetu akikirekebisha kipapasio, yaani kile kifaa kinachoigusa bobini kujua kama uzi unakaribia kwisha, ili kupunguza uzi unaopotea, mistari inaongezeka. Akikirudisha, mistari inapungua lakini uzi unapotea. Je, kosa ni la kipapasio, la nyundo, au la kitu kingine tusichokiangalia? Na je, ni kweli kama wanavyosema wakubwa wetu kwamba dawa pekee ni kuiuza mitambo hii yote kama chuma chakavu?

---

FundiMstaafu alijibu:

Marahaba, dada, na ahsante kwa kulieleza tatizo kwa ukamilifu. Nilifunga na kufungua mitambo ya aina hiyo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakuomba usimruhusu mtu yeyote aguse tena skrubu ya kipapasio mpaka umalize kunisoma.

Tufuate kwanza safari yenyewe ya kubadilisha. Kipapasio hakikai upande wa gurudumu. Kinakaa upande wa pili, wa kushoto. Shato likiingia kwenye sanduku la kushoto na fremu ya chanuo, ile inayousukuma mshindio ubanane na kitambaa, ikija mbele, ncha ya kipapasio hupenya kwenye tundu lililo ubavuni mwa shato na kuigusa bobini. Uzi ukiwa bado upo, meno madogo ya ncha hiyo hunasa kwenye nyuzi, na kipapasio husukumwa moja kwa moja kurudi nyuma bila kutoa habari yoyote. Uzi ukiondoka mahali hapo, ncha hukutana na mti laini wa bobini, huteleza kwenda pembeni, na mtelezo huo ndio unaofyatua kiungo kinachopeleka amri ng'ambo ya pili. Shato likifika kulia, nyundo huwa tayari.

Sasa uangalie jambo ambalo vijana wengi hulisahau. Baina ya kipapasio kuteleza na bobini mpya kuingia, mtambo haujasimama. Shato linapaswa kuvuka upana wote wa kitambaa mara moja zaidi kwa uzi wa bobini ile ile ya zamani. Tena kipapasio hupima mara moja tu katika kila mapito mawili, kwa hiyo uzi unaweza kwisha mahali pa kupapasia mara tu baada ya kipimo, ukasubiri mapito mawili kabla ya kipimo kingine. Ukiyajumlisha hayo, bobini haina budi kuwa na akiba ya mapito matatu kwa uchache, na busara ni kuweka manne au zaidi. Kama kitambaa chenu pamoja na ukingo kinakula kiasi cha mita 1.25 kwa kila pito, hiyo ni mita 5 za uzi.

Mita hizo 5 zinawekwa wapi? Zinawekwa mwanzoni kabisa mwa kuviringa, karibu na kitako cha bobini, kama fungu dogo lililobanana, kisha ndipo uzi wenyewe unapoanza kujengwa kuelekea nchani. Kipapasio hugusa mahali palipo mbele kidogo ya fungu hilo. Fungu la akiba likiwa fupi, uzi utakatika katikati ya mtande kabla shato halijafika kulia, uma wa mshindio utakosa uzi na kuusimamisha mtambo, na mfumaji asipofungua nyuzi kurudi nyuma mpaka kwenye pito lililokamilika, akawasha tu, mstari unaoulalamikia unabaki kitambaani. Fungu likiwa refu mno, au likiwa limejengwa mbele mno hata kipapasio kinalikuta juu yake, basi uzi mwingi utatupwa au habari itachelewa.

Kwa hiyo matatizo yako hayapingani hata kidogo. Yanaweza kutoka katika mtambo mmoja, saa moja, bila kipapasio kuwa na kosa, ikiwa bobini zenyewe hazifanani. Pima hivi: chukua mtambo mmoja, kusanya bobini 30 zilizotoka mfululizo, fungua uzi uliobaki katika kila moja na uupime kwa mita. Zote zikiwa na urefu unaokaribiana lakini mwingi mno au mdogo mno, kosa ni la kipapasio cha mtambo huo. Zikitofautiana sana, toka nje ya chumba cha kufumia na uende chumba cha kuviringa, ambako bobini hujazwa uzi.

---

MwalimuWaUfundi alijibu:

Mzee amesema kweli, nami napenda kuongeza jinsi ufundi huu ulivyozaliwa, kwa sababu ukijua waliotangulia walikuwa wanatatua nini, unajua pia ni wapi walipobakiza udhaifu.

Kabla ya hapo mfumaji alilazimika kuusimamisha mtambo kila bobini ilipokwisha, kulitoa shato, kuweka bobini nyingine na kuupitisha uzi kwenye tundu la shato. Katika viwanda vingi vya Uingereza na Marekani aliuvuta uzi huo kwa kuweka mdomo kwenye tundu na kufyonza, akimeza vumbi la pamba na kushiriki shato moja na wenzake, jambo ambalo madaktari walilihusisha na kuenea kwa maradhi.

James Henry Northrop, mzaliwa wa Keighley huko Yorkshire aliyehamia Marekani, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Draper, mjini Hopedale, jimbo la Massachusetts. Jaribio lake la kwanza lilikuwa kubadilisha shato zima. Baadaye aligeukia kubadilisha bobini pekee huku shato likibaki, akapewa hataza mwezi Novemba 1894. Wengi humkumbuka kwa gurudumu na nyundo, lakini mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba nusu ya ushindi wake ilikuwa katika shato lenyewe. Alihitaji shato lenye tundu linalojipitishia uzi bila mkono wala mdomo, tena lenye vibanio vya chuma vinavyoishika bobini kwa pete zilizo kitakoni, ili ya zamani isukumwe nje kwa chini na mpya ibanwe papo hapo. Aidha, mtambo wa Draper uliwekewa kifaa cha kuusimamisha mtambo uzi wa mtande unapokatika, maana bila hicho mfumaji asingethubutu kuiacha mitambo mingi ijiendeshe.

Huko Japani, Toyoda Sakichi alichukua njia nyingine. Mtambo wake wa Aina ya G, wa mwaka 1924, ulibadilisha shato zima bila kupunguza mwendo, na mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki za kuutengeneza. Kubadilisha shato zima ni upole zaidi kwa nyuzi laini, kwa kuwa hakuna nyundo inayoigonga bobini, ingawa kila shato la ziada ni gharama.

Zingatia muda uliopo. Mtambo wa mapito 200 kwa dakika hutumia sekunde 0.3 kwa kila pito, na nyundo hupata sehemu ndogo tu ya muda huo, fremu ikiwa mbele. Shato likidunda na kurudi hata kidogo tu ndani ya sanduku, pete za bobini hazitakutana na mifereji ya vibanio. Ndiyo maana kuna mkono mdogo wa ulinzi unaopima mahali shato lilipo na kuizuia nyundo kama halijatulia. Nawasihi msiufunge mkono huo kwa waya ili eti bobini zisikose kubadilika. Nimeona mashato yaliyopasuliwa hivyo.

---

MviringaUzi alijibu:

Mimi nafanya kazi katika chumba cha kuviringa, katika kiwanda kingine, na nashukuru kwamba leo chumba chetu kimetajwa, kwa sababu kwa kawaida tunakumbukwa mwisho.

Dada, fikiria hesabu ya bobini zenu. Bobini yenye gramu 40 za uzi wa namba 20 hubeba kiasi cha mita 1,350. Ukigawa kwa mita 1.25 unapata mapito yapatayo 1,080, na kwa mwendo wa mapito 200 kwa dakika bobini inakwisha baada ya dakika 5 na nusu hivi. Mtu mmoja anayehudumia mitambo 24 anahitaji kujaza bobini 4 au 5 kila dakika ya zamu yake, na kila moja lazima aifunge ncha ya uzi kwenye kitovu cha gurudumu, la sivyo bobini ikiingia haitavutika. Mtu huyo hana nafasi ya kuikagua bobini kama imejengwa vizuri. Anaiamini tu.

Kwetu tuligundua kwamba mashine za kuviringa zilizeeka bila kulingana: katika spindo moja, yaani mhimili unaoizungusha bobini inapoviringwa, kifaa cha kujenga fungu la akiba kilichakaa na kutoa mizunguko michache, katika nyingine kilikwama na kutoa mingi. Vilevile bobini ambazo hazikusafishwa uzi wa zamani ziliviringwa juu yake, na fungu likawa halipo mahali pake tena. Naomba mzitie alama bobini za kila spindo kwa rangi, kisha muone rangi zipi zinaleta mistari.

---

MsimamiziWaZamu aliandika:

Nimerudi na matokeo. Nilikusanya bobini 30 kutoka mtambo mmoja kama Mzee alivyoagiza. Nne zilikuwa tupu kabisa, tisa zilikuwa na kati ya mita 2 na 6, na zilizobaki zilikuwa na urefu wa kila namna, mpaka moja yenye mita 19. Kabla ya kuzikusanya tulikuwa tumezitia bobini rangi kwa kila spindo. Tatu kati ya hizo nne tupu zilitoka spindo mbili zilizo jirani.

Niliingia mwenyewe chumba cha kuviringa na kuomba radhi kwa wenzangu, kwa kuwa nilikuwa nimemwandikia onyo mfumaji kwa sababu ya mistari hiyo. Onyo hilo nimeliondoa. Limebaki swali langu la mwisho kuhusu kuiuza mitambo, na tena kuna mikia ya uzi inayovutwa ndani ya kitambaa upande wa kulia.

---

FundiMstaafu alijibu:

Umefanya haki, dada, kwa mfumaji na kwa kazi.

Mikia hiyo ni suala la visu. Bobini inapobadilika kunakuwa na nyuzi mbili za kukatwa: ule wa bobini ya zamani na ule wa mpya uliofungwa kwenye kitovu. Kisu kimoja hukata karibu na shato wakati wa kubadilisha, kingine kimo ndani ya kibanio kinachoushika ukingo wa kitambaa nacho hukata mkia unaobaki. Toa kile cha ukingoni, uangalie kama makali yamejaa vumbi la pamba lililogandamana. Mara nyingi hakihitaji kunolewa, kinahitaji kusafishwa kila mwisho wa zamu.

Kuhusu kuuza, nitakupa maoni yangu bila kuficha. Tangu mitambo isiyo na shato ya kampuni ya Sulzer ya Uswisi ilipoanza kuuzwa mwaka 1953, uzi ukivutwa na kipande kidogo cha chuma kutoka kwenye koni kubwa iliyosimama nje, tatizo la kujaza bobini liliondolewa kabisa, na mitambo inayopitisha uzi kwa hewa au kwa fito iliyofuata ina faida hiyo hiyo. Mwenye fedha za kununua na umeme wa uhakika hana sababu ya kubaki na shato. Palikuwa na njia ya kati pia, Unifil, ambayo ni mashine ya kuviringa iliyofungwa kwenye mtambo wa kufuma wenyewe. Inaichukua bobini iliyotoka, inaisafisha, inaiviringa upya na kuirudisha, hivyo bobini chache tu zinatosha na fungu la akiba hujengwa na kifaa kimoja kwa mtambo mzima. Mkipata zilizotumika zenye vipuri, zitazameni.

Lakini kuiuza mitambo kwa sababu ya spindo mbili zilizochakaa sikubaliani nako. Badilisheni vifaa vya kujenga akiba katika spindo hizo, rudisheni vipapasio vyote kwenye kipimo kimoja, kisha pima tena bobini 30 kutoka mtambo ule ule kabla ya kugusa mwingine.