"Amina" na soneti ya 116: nilinganishe vipi mapenzi?

MsomajiNgara
Habari zenu walimu. Darasa letu la fasihi linganishi hapa Nairobi limepewa insha ya maneno 1,500: jinsi "Amina" ya Shaaban Robert na soneti (shairi la mistari 14) ya 116 ya Shakespeare zinavyosawiri mapenzi. Rasimu yangu imerudishwa na maoni "hizi ni insha mbili". Nimeeleza shairi moja, kisha la pili, kisha aya ya kufanana. Nirekebishe wapi?

UkwapiNaUtao
Huna swali moja la kuyauliza mashairi yote mawili. Uliza hili: mapenzi yanatishiwa na nini, na mshairi anajibuje? Shakespeare anakabili wakati na mabadiliko. Shaaban anakabili mauti yaliyokwisha kufika, ya mkewe Amina. Kila aya iguse mashairi yote mawili.

Halafu kifuate kitenzi kimoja, -funga. Ubeti wa kwanza, marehemu ni "kama ua umefunga, baada ya kuchanua". Kibwagizo, yaani mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua". Pale mwanzo kufunga ni ua kujikunja, yaani kifo. Kwenye kibwagizo ni fundo, tena ni ndoa, maana ndoa nayo hufungwa. Mauti yameliweza lile ua, fundo yamelishindwa. Kitenzi kile kile kimebeba msiba na jibu lake! Kaa hapo hata aya mbili.

Shakespeare anafafanua kwa kukana: hayo si mapenzi ikiwa hubadilika yakikuta mabadiliko. Kisha analeta nyota ya kuongoza vyombo baharini, ambayo kimo chake hupimika lakini thamani yake haijulikani. Nyota hiyo iko mbali na haina jina la mtu.

Mwalimu_SouthB
Tazama nafsi pia. Shaaban anamwita mkewe kwa jina tangu neno la kwanza, "Amina umejitenga". Soneti haina "wewe" hata mmoja. Ni hoja ya mtu anayejitetea, ndiyo maana anamalizia kwa kujiweka rehani: kama nimekosea, basi sikuandika kamwe, wala hakuna aliyewahi kupenda.

Kuhusu umbo, kutaja kwamba kibwagizo kina mizani (silabi) 16, 8 kwa 8, hakukupi alama. Eleza kazi yake: kinarudi kila ubeti, hivyo fundo linakazwa upya kila majonzi yanapozidi. Soneti ina mistari 14 na hairudi nyuma. Mafungu matatu ya mistari minne, kisha miwili ya kukata shauri.

Na tafadhali usiiite "Amina" shairi la mapenzi ukaishia hapo. Ni maombolezo.

MsomajiNgara
Asanteni sana. Je, nihesabu mizani ya tafsiri ya soneti?

UkwapiNaUtao
La, hiyo itakuwa mizani ya mfasiri. Hesabu kwenye Kiingereza chenyewe: kwa kawaida silabi 10 kwa mstari, ila wa 6 na wa 8 ina 11. Wa 6 ndio unaosema mapenzi hutazama tufani bila kutikisika.