Fundi sauti mzima naambiwa "masikio yako hayajakomaa"!

Wakuu, nimetoka kwenye maonyesho sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Makosa ya herufi mtanisamehe.

"Kijana, masikio yako hayajakomaa." Mbele ya watu! Mimi!

Yule jamaa mnamjua, simtaji. Yule wa chumba cha mwisho kwenye kila maonyesho ya mashine za muziki za bei mbaya, anayezima taa kwanza ndipo aguse kitufe, na akiongea anafumba macho. Ndiyo, huyo huyo.

Nimekaa kochi la katikati. Spika ndefu kuliko kabati la nguo, waya wake anaousifia mnene kama chatu aliyemeza mbuzi, umelazwa juu ya vigingi usiguse sakafu. Akaweka muziki, nikaganda. Ule wimbo nimeurekodi MIMI. Mimi ndiye niliyemrudisha yule dada hatua moja kutoka kwenye maikrofoni kwa sababu "p" zake zilikuwa zinapiga upepo. Sauti yake niliiweka katikati kabisa, kushoto sawa na kulia. Sasa pale katikati hakuna mtu! Sauti imetapakaa ukutani kama moshi, huwezi kuionyesha kwa kidole, na besi imeyeyuka. Fundi yeyote anaujua ugonjwa huo: spika moja chanya na hasi zimegeuzwa. Koni ya kushoto ikisukuma hewa, ya kulia inavuta, mawimbi mazito yanauana. Nikamulika kwa simu nyuma ya spika ya kulia. Waya mwekundu umekaa kwenye tundu jeusi!

Nikamfuata pembeni kwa adabu, nikamnong'oneza, "Mzee, spika ya kulia waya zimepishana." Akajibu chumba kizima kisikie: "Kijana, masikio yako hayajakomaa. Huo ndio upana ambao waya wa kawaida hauuonyeshi." Watu wakatikisa vichwa kukubali kama wako ibadani. Nikasema, wimbo huu nimeurekodi mimi. Akatabasamu: "Basi rekodi yenyewe ndiyo ina kasoro."

HAYAJAKOMAA! Sauti hiyo, kabla ya kulifikia chatu lake, imepita mita 15 za waya wa kawaida wa maikrofoni uliokanyagwa miaka kumi. Kama kuna kitu kilipotea kilipotea kwangu, mita zake mbili zitakirudisha kutoka wapi?

Halafu akalinganisha waya wa kawaida na wake. Zamu ya wake nimekiona kidole kikipandisha sauti. Ongeza desibeli 1 tu, sikio linadhani muziki umekuwa safi zaidi. Wakampigia makofi!

Kuzima amplifaya, kuchomoa, kugeuza, kuchomeka. Dakika moja haifiki. Akaona bora anitukane.

Modi msiunganishe uzi huu.

Besi Nzito: Pole mkuu. Mimi aliwahi kunivua saa ya mkononi, eti inachafua hewa ya chumba.

Mtoto wa Studio: Ungekuwa na betri ya volti 1.5 ungemmaliza pale pale. Waya zikiwa zimechomolewa kwenye amplifaya, unaigusisha kidogo kwenye ncha zake, chanya kwenye mwekundu: koni ikitoka nje iko sawa, ikiingia ndani umegeuza.

Mleta mada: Betri ilikuwa kwenye begi, begi limezuiwa mlangoni. Hayajakomaa!

Koroma: Chai hii. Wimbo wako, waya umeuona peke yako, picha huna.

Mleta mada: Picha nipige gizani?

Koroma: Simu ya kumulika ulikuwa nayo, ya kupiga picha ukawa huna?

Santuri Moja: Mnalaumu waya bure. Muziki ulikufa siku CD ilipoingia.

Mtoto wa Studio: CD inachukua sampuli 44,100 kila sekunde, inafika hezi (mitetemo kwa sekunde) 20,000 na ushee. Wewe sikio lako linafika huko? Santuri yako sindano ikikaribia katikati mfereji unapita taratibu, wimbo wa mwisho unakwaruza.

Santuri Moja: Unakwaruza kwa asiyejua kufunga sindano.

Mama Miksi: Nyie mnalia na waya. Mimi nina mteja anataka sauti yake iwe "ya zambarau". Tangu asubuhi. Sasa hivi kalala kwenye kochi langu.

Besi Nzito: Wangu karekodi jikoni kwa simu, friji inanguruma mwanzo mwisho. Anataka nitoe friji nimbakize yeye.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Mbele ya watu!

Mama Miksi: @Besi Nzito friji inanguruma wapi?

Besi Nzito: Hezi 100. Nikiikata naondoka na kifua chake, sauti yake inabaki nyembamba.

Mama Miksi: Kata kwa upana mdogo sana, halafu panda 200, mara mbili yake, uangalie. Friji haiji peke yake.