Tupeane uzoefu: mwenza kahamia, benefiti zako zikawaje?

Wapendwa, mada hii tunainong'ona kwenye kila shughuli ya Waswahili hapa Uingereza, huku watu wanakatwa pesa kimyakimya. Wewe uliyekuwa unalea peke yako kisha ukaanza kuishi na mwenza, Universal Credit yako, yaani msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, ilikuwaje? Kina baba nanyi karibuni.

Naanza mimi. Siku aliyohamia niliripoti kwenye akaunti yangu, dai likawa la pamoja, naye akajaza lake tukaunganishwa kwa namba. Kupungua nilikutarajia. Kilichonitikisa ni kwamba alileta mabegi mwezi wa hesabu (ule wanaoutumia kupima malipo yako) ukikaribia kuisha, lakini mwezi wote ukahesabiwa kama tumekaa pamoja tangu mwanzo, na kodi ya nyumba inasubiri. Mkiweza kuchagua tarehe, ahamie mwezi wa hesabu unapoanza. Na kabla ya hapo tandazeni karatasi za mishahara yote miwili mezani mpige hesabu. Kila pauni ya mshahara inayozidi kiwango mnachoruhusiwa inapunguza malipo kwa peni 55, na mshahara wake unaingia humo hata kama watoto si wake.

*Mama Wawili*
Asante dada kwa kuianzisha. Mimi niliteswa na ile habari ya "akilala siku tatu kwa wiki umeshaolewa". Hakuna sheria hiyo! Jirani alinishtaki kwa watu wa benefiti, nikaitwa kuhojiwa, malipo yakasimamishwa, mtoto anahitaji viatu vya shule na mimi sina kitu. Niliulizwa nani ananunua chakula, nguo zake zinafuliwa wapi, barua zake zinafika anwani gani, watoto wanamwitaje, ndugu wanatujua kama nani. Wanatazama maisha yote kwa pamoja. Nilipeleka mkataba wake wa nyumba na bili za umeme za kwake, wakanirudishia malipo. Kama mna nyumba mbili za kweli, tunzeni karatasi. Kama mnaishi pamoja kweli, ripoti mapema, kwa sababu deni la kulipwa zaidi linakuja kukatwa kwenye malipo yenu ya mbele, na ukificha kwa makusudi ni kosa la jinai.

*Baba Mlezi*
Kwangu ilikuwa akiba. Mwenzangu alikuwa anakusanya pesa za kujenga kwao, zimepita pauni 16,000. Alipohamia, dai likafungwa lote. Kuanzia pauni 6,000 wanaanza kupunguza, ikipita 16,000 hupati kitu. Watoto ni wangu, pesa ni yake, lakini kwao ni kaya moja. Inauma, naye alijisikia vibaya sana ingawa hakuna alilokosa. Pia lile punguzo la asilimia 25 la mtu mzima anayeishi peke yake, kwenye kodi ya kaunsili (halmashauri ya mtaa), linaondoka, waambieni kaunsili wenyewe.

*Shangazi wa Leicester*
Mimi nasisitiza jambo moja kwa kina dada. Mkishakuwa dai moja, pesa inaingia akaunti moja. Nilikuwa nimezoea kujua leo imeingia, nalipa kodi, nalipa nasari, naweka ya basi. Tukakubaliana tangu siku ya kwanza iingie kwangu, kwa kuwa mkataba wa nyumba una jina langu. Zungumzeni hili kabla hajahamia, kwa upole lakini kwa uwazi. Na aliye na mtu anayemnyima pesa au kumpiga, omba malipo yagawanywe, utaratibu huo upo. Tafadhali usikae kimya.

*Mke wa Mgeni*
Mume wangu yupo kwa viza isiyoruhusu benefiti. Nalipwa kiwango cha mtu mmoja, ila mshahara na akiba yake vinahesabiwa. Wengi hudhani kwa kuwa yeye hadai, basi hahusiki. Ripotini.

*Mama Wawili*
Mwenzenu naomba kuuliza: pesa ya matunzo anayotuma baba wa mtoto nayo inapunguza?

*Mwanzisha mada*
Hapana mpenzi. Matunzo ya mtoto hayahesabiwi kwenye Universal Credit, na mwenza mpya kuhamia hakumwondolei baba wajibu wake. Child Benefit, ile posho ya watoto, nayo inaendelea, isipokuwa mmoja wenu akipata zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka, hapo kuna kodi ya kurudisha. Endeleeni kuleta, hasa mlio na watoto wa pande zote mbili.