Unga wa mashine ya kijijini una foliki asidi?

Mkulima wa Mbozi

Ndugu wana jamvi, habari za majukumu. Mwaka juzi mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili akiwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa na umri wa siku sita, na anaendelea vizuri ingawa miguu bado haina nguvu. Sasa tunatamani mtoto mwingine. Siku tuliporuhusiwa kutoka wodini tuliambiwa kwa haraka kwamba mama alipungukiwa foliki asidi, yaani vitamini B9, na kwamba tule unga ulioongezwa virutubishi, basi, na tangu hapo mama yangu mzazi na majirani wametujazia maelezo yao ya mkosi. Tatizo ni kwamba sisi hatununui unga. Tunalima mahindi yetu, tunakoboa na kusaga sembe kwenye mashine ya kijijini, debe kwa debe. Je, unga huo una foliki asidi? Na je, mke wangu akianza vidonge pale atakapoanza kliniki, havitatosha?

Muuguzi wa wodi ya wazazi

Pole kaka, na mpe pole shemeji. Nianze na swali lako la pili. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga yapata siku ya 28 tangu mimba itungwe, yaani wiki mbili tu baada ya mama kukosa hedhi, wakati ambao wengi bado wanadhani ni malaria au uchovu wa shamba. Mama anayefika kliniki mimba ikiwa na miezi minne hupewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini chuma na foliki asidi, navyo vinamsaidia kweli, lakini kwa upande wa mgongo wa mtoto ameshachelewa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Na kwa kuwa mimba nyingi hazingoji kupangwa, nchi kadhaa ziliamua kuitia foliki asidi katika chakula cha kila siku: Marekani na Kanada mwaka 1998, Afrika Kusini mwaka 2003 kwenye unga wa ngano na wa mahindi.

Kwenu ninyi, hata hivyo, unga peke yake hautoshi, hata ungekuwa wa dukani wenye nembo ya kuongezwa virutubishi. Mama ambaye amewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi. Utafiti ulioongozwa na Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 uliwahusu akina mama kama mke wako: wenye mimba zilizopata tatizo hilo tena walikuwa 27, na kati yao 6 tu walikuwa wamepewa foliki asidi, miligramu 4 kwa siku. Nendeni kwa daktari mapema, kabla hamjaacha uzazi wa mpango, mumweleze historia yenu, naye ndiye atakayewaandikia dozi. Mkumbushe pia kama mama ana kisukari au anatumia dawa za kifafa, kwa maana si kila mgongo wazi unatokana na lishe. Hilo mwambie na mama yako mzazi: hakuna mkosi hapo, na wala mke wako hakukosea kitu.

Mwenye mashine, Iringa

Swali la kwanza niachieni mimi. Kaka, ukikoboa mahindi, kiini na pumba huondoka pamoja na sehemu kubwa ya folati, yaani aina ya asili ya foliki asidi iliyomo kwenye chakula, na mashine ya kijiji hairudishi kitu isipokuwa mwenyewe amefunga kifaa cha kudondoshea virutubishi. Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye chakula zilivibana zaidi viwanda vinavyofungasha unga. Sisi wa debe kwa debe tulibaki pembeni, na huku ndiko wakulima wengi wanakosagia.

Mimi nilifunga kifaa hicho. Nusu kilo hivi ya poda inatosha tani nzima, kwa hiyo debe la kilo 20 linapata gramu 10. Mama mmoja aliiona ile poda ya njano hafifu ikidondoka akazuia debe lake kwa mikono miwili, akisema nataka kumtilia dawa ya kufunga uzazi! Nilimpikia ugali palepale, nikala mbele yake. Alirudi wiki ya pili, ila wapo ambao hawajarudi hadi leo.

Mstaafu wa Tanga

Kwa nini tusiwahimize watu wale mchicha, kunde na maharage, badala ya kutia poda katika chakula cha taifa zima? Nimesikia pia kwamba foliki asidi huficha upungufu wa vitamini B12 kwa sisi wazee.

Muuguzi wa wodi ya wazazi

Shikamoo mzee. Hoja ya B12 ni ya kweli pale dozi inapokuwa kubwa, na virutubishi vya unga wetu vimewekewa B12 pia. Maharage na mboga tuendelee kula, lakini folati ya asili huharibika kwa moto na kuyeyukia majini, nasi tuna mazoea ya kuchemsha mchicha hadi ulegee kisha tukamwaga maji. Isitoshe, mwili hufyonza foliki asidi ya kutengenezwa vizuri kuliko folati ya mboga.

Mkulima wa Mbozi

Nimewaelewa, na ujumbe wa muuguzi nimemsomea mama kwa sauti. Daktari tutamwona wiki ijayo. Mwenye mashine, naweza kununua poda hiyo nikachanganya mwenyewe nyumbani?

Mwenye mashine, Iringa

Usijaribu, kaka. Gramu 10 kwenye debe huwezi kuzisambaza sawasawa kwa mwiko. Kuna siku mtakula zote katika bakuli moja. Zungumza na mwenye mashine wenu, na usiende peke yako. Mimi nilikubali kufunga kifaa pale wateja wanane waliponijia siku moja.