Mtihani wa mkanda wa kahawia kwa video: simu niiweke wapi?

Binti_wa_Busia
Wakubwa shikamooni. Nafanya karate ya mtindo wa Shotokan hapa Busia, upande wa Uganda. Sensei (mwalimu) wetu amehamia Mombasa na mtihani wangu atausahihisha kwa video. Masharti: video moja isiyokatwa, mwili wote uonekane, kata (mfuatano wa mapigo na kinga unaofanywa peke yako) ni Heian Godan.

Mnaoijua mnajua pale pa kuruka. Tangu Jumamosi nimerekodi mara kumi na moja. Nina ua wa nyumbani tu, hatua sita kwa tano, na simu naiegemeza kwenye jerikeni la lita 20. Nikiruka, kichwa kinakatika. Nikitua nimechuchumaa na mikono imepishana, miguu haionekani, na sensei anaangalia miguu kuliko kitu chochote. Jana nilipata moja safi kabisa. Kuitazama, naanza kwa mkono wa kulia badala ya kushoto! Nililia. Natumia kamera ya mbele ili nijione. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

Mzee_Bombo
Pole mwanangu. Kata hukukosea. Baadhi ya simu, kamera ya mbele huhifadhi video kama kioo, kushoto inakuwa kulia. Tazama kifua chako: gi (sare ya karate) tunaifunga kushoto juu ya kulia, kwenye video yako itakuwa kinyume. Wajapani hivyo humvika maiti. Usiitume hiyo. Geuza simu, tumia kamera ya nyuma, na mtu akushikie.

Kaka_Arua
Mimi ni wa taekwondo, ila shida ni ileile. Shule zilipofungwa 2020 tulipimwa hivihivi. Ua huo haukutoshi dada, tafuta uwanja. Simu iwe usawa wa kiuno, ilale kwa upana, na mshikaji arudi nyuma mpaka abaki na nafasi juu ya kichwa chako ukiwa hewani. Asitumie ile lenzi pana ya 0.5, inapinda miguu pembeni. Kabla ya kurekodi, tembea njia yote ya kata polepole yeye akitazama kioo cha simu, na pale unapotua mwagia jivu kidogo. Jua liwe mgongoni kwake, la sivyo utaonekana kivuli kitupu.

Halafu WhatsApp: usitume kama video ya kawaida, inabanwa na ngumi inakuwa ukungu. Tuma kama faili.

Binti_wa_Busia
Asante baba, asante kaka. Leo saa moja asubuhi tulikwenda uwanja wa shule ya msingi, mdogo wangu akashika simu, viwiko amevibana mbavuni isitikisike. Mara ya kwanza mbuzi alipita nyuma yangu. Ya pili imeingia yote, hata unyayo wa nyuma nikitua, kando kabisa ya jivu. Goti la kulia bado lilichelewa kukunjika, nimeliona mwenyewe, na sensei ataliona. Sikuirudia. Nimetuma kama faili, bando limekwisha lote. Amejibu: "Nimepokea. Jumapili nipigie."