Nimehamishiwa fletibedi, kufunga mzigo kunanitoa jasho

DerevaMpya
Wakuu salamu. Nilikuwa naendesha kontena sasa nimehamishiwa fletibedi, yaani trela la sakafu tupu lisilo na kuta za pembeni wala paa. Usukani sina shida nao, shida ni kufunga mzigo, maana kwenye kontena unakuta limeshapigwa sili unaondoka, huku kila kitu kiko wazi na dereva ndio mwenye kujibu. Anayenifundisha ananiambia we kaza racheti (kile kifaa cha kukazia mkanda) mpaka mkanda ulie ukiugonga, nikimuuliza mikanda mingapi anajibu utazoea tu. Sitaki kuzoea kwa kukisia, nyuma yangu kuna watu na familia zao. Mzigo unaofuata ni mabomba ya chuma ya futi 40, halafu kuna ekskaveta, ile mashine ya kuchimba. Nitajuaje mikanda inatosha? Mnyororo unatumika wakati gani? Na njiani nisimame kukagua baada ya umbali gani?

Mzee wa Trela
Mdogo wangu umeuliza la maana, wengi hawaulizi kabisa. Kwanza elewa mkanda unaopita juu ya mzigo kazi yake ni nini. Haushiki mzigo usisogee, unaukandamiza tu chini, kinachozuia kusogea ni msuguano kati ya mzigo na sakafu ya trela. Kwahiyo kabla hujagusa racheti chukua fagio. Sakafu yenye mchanga, oili au matope mzigo utateleza hata ukaze mpaka mkono uume, na chuma juu ya chuma ndio balaa zaidi, weka mbao kavu katikati au mikeka ya raba kama ipo.

Halafu angalia mkanda unashuka vipi pembeni. Ukishuka wima nguvu karibu yote inaenda chini, ukilala ukabaki nyuzi 30 kutoka sakafuni unapata nusu tu. Mzigo mfupi na mpana ndio unaodanganya watu hapo, mikanda imekaza vizuri ila imelala, haikandamizi kitu. Ongeza mikanda au inua katikati kwa mbao.

Kuhusu idadi, ukipiga breki ya nguvu hesabu kwamba mzigo unasukuma mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, kwenye kona asilimia 50. Kanuni za Marekani zinataka namba za kazi za mikanda yako (uzito ambao kila mkanda umeruhusiwa kubeba kwa usalama) ukijumlisha zifike angalau nusu ya uzito wa mzigo. Mkanda wa inchi 4 kawaida ni kilo 2,450 hivi, kwahiyo mzigo wa tani 20 mikanda 4 haifiki (9,800), unahitaji 5. Tena soma lebo vizuri maana kuna namba ya kazi na ya kukatika, ya kukatika ni kama mara 3, usije ukapigia hesabu hiyo kubwa. Mkanda usio na lebo mimi siuhesabu.

Urefu nao una hesabu yake. Kama mbele hakuna kinachouzuia, futi 10 za kwanza mikanda 2, kisha mmoja kwa kila futi 10 zinazofuata au sehemu yake. Mabomba yako ya futi 40 yanafika 5 hata yakiwa mepesi. Hicho ni kima cha chini, mimi huongeza.

Mama Usukani
Niongezee kwenye mabomba maana nayabeba sana. Mikanda ya juu inagusa safu ya juu na ya pembeni tu, yale ya katikati hayajashikwa na kitu na breki moja yanachomoka kuelekea kwenye kabini. Ndio maana tunafunga mkanda wa tumbo, unazunguka mzigo mzima chini na juu, ukikaza mabomba yote yanabanana yanakuwa kitu kimoja, kisha ndio unapiga ya juu ya kushikilia kwenye trela. Kila safu weka mbao na kabari zilizopigiliwa misumari, pembeni simamisha nguzo, na kama uzito kwenye ekseli unaruhusu yasogeze yaguse ukuta wa mbele.

Na kaka, hatari kubwa wala haipo barabarani tu, ipo wakati wa kushusha. Mzigo unaweza kuwa umehama njiani na mkanda ndio umeuzuia, ukifungua racheti unakushukia. Zunguka kwanza pande zote uangalie, na usikubali mtu asimame upande ambao mabomba yanaweza kuangukia.

Fundi Minyororo
Ekskaveta ni minyororo, mkanda ukikutana na ncha za chuma unakatika. Mashine inayozidi kilo 4,500 hivi funga sehemu 4 au zaidi, kila kona wa kwake, ya mbele ivute mbele ya nyuma ivute nyuma. Tumia matundu yaliyowekwa na mtengenezaji, usifunge kwenye hosi wala silinda. Shusha mkono na ndoo mpaka viguse sakafu na uvifungie mnyororo wao peke yake, breki ya maegesho iwe juu. Gredi, yaani daraja la nguvu ya mnyororo, imechapwa kwenye pingili, gredi 70 ya inchi 3/8 inabeba kilo 3,000 hivi kikazi. Kikazio, kile kifaa cha kukazia mnyororo, tafuta cha racheti, kile cha wenzo wa mkono kikichomoka kinavunja taya, na usikirefushe kwa bomba.

DerevaMpya
Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko siku zote. Bado la kukagua, na mpakiaji akisema imetosha nifanyeje?

Mzee wa Trela
Hatosimamishwa yeye barabarani, utasimamishwa wewe. Kama hujaridhika gari haliondoki, mwambie kwa heshima ila usilegeze. Kukagua, simama ndani ya kilomita 80 za mwanzo, baada ya hapo kila kilomita 240 au masaa 3, kinachotangulia. Mbao na magunia yanajipanga upya yakitikisika kwahiyo hayo simama mapema zaidi. Mkanda ukiwa unapiga kelele kwenye upepo usokote mara moja sehemu isiyogusa mzigo, utatulia, na ule mkia uliobaki ufunge usije ukaingia kwenye tairi.